Nani Anajibu Daftari la Kengele?

Sehemu ya Tano

"Mwalimu, huu si mwandiko wangu."

Naam, msomaji wangu, hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, nami najua umenisema siku saba nzima. Pole. Turudi mlangoni.

Mama Kengele alikuwa bado amesimama kwenye mlango wa darasa la chekechea, aproni ya kazini kiunoni, unga hadi kwenye nyusi. Yeye ni mwoka mikate. Alikuwa ametoroka tanurini kwa dakika chache tu, kumletea mwanawe kikombe alichokisahau. Sasa ameshika daftari la kijani.

"Kama si wako, ni wa nani?" Mwalimu aliuliza. "Hapa pameandikwa 'Wako, Mama.' Mama ni nani kama si wewe?"

"Wewe ndiye uniambie! Daftari linashinda kwako."

"Yaani mimi naandika, halafu najijibu?"

"Sijasema. Umesema mwenyewe."

Haya, waache wavutane kidogo nimpe muhtasari yule aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza. Kengele ni mtoto wa miaka sita. Jina hilo la utani alipewa na babu yake, kwa ile sauti aliyolia nayo siku ya kuzaliwa. Nyumbani hanyamazi mpaka alale. Lakini shuleni, wiki ya sita sasa, unaweza kumwita mpaka koo likauke na asigeuke. Mwalimu akaingiwa na hofu: jamani, huyu mtoto masikio yake ni mazima?

Utasema, si angempigia mama yake simu? Thubutu! Mkuu wa shule hii ni mama mmoja anayependa mihuri kuliko usingizi, na watu wote humwita Bi Mihuri. Ukutani mwake kuna bango kubwa: MAWASILIANO YOTE NA WAZAZI NI KUPITIA DAFTARI. Hakuna simu, hakuna kuviziana getini. Basi Mwalimu akaandika, na daftari likapanda ndani ya mkoba wa mtoto. Barua ishirini na saba zilikwenda, majibu ishirini na saba yakarudi. Na kwa kuwa majibu hayakusaidia kitu, Bi Mihuri aliamua kwamba ule ni ukaidi, akawa anamkalisha Kengele ofisini mwake kila Jumatano, kwenye kigoda cha pembeni ya meza, kama adhabu.

Leo ni siku ya fomu. Saa sita mchana kamili Bi Mihuri anapiga muhuri wa mwisho kwa kila mtoto. Ana mihuri miwili, APANDE na ARUDIE. Akipigiwa ARUDIE, Kengele anarudishwa kwa watoto wa miaka mitatu, wale wanaolia wakivuliwa soksi, wenzake wote wakienda darasa la kwanza.

Tumeelewana? Twende.

"Hebu soma," Mwalimu alisema. "Soma ulichokiandika."

"Ambacho sikukiandika."

"Soma hivyo hivyo."

Mama akasoma kwa sauti. Jibu la kwanza lilisema: Ujumbe wako umepokelewa. Unashughulikiwa. Subiri. Wako, Mama.

La nne: Mtoto ana masikio mawili. Nimeyakagua, yote yako mahali pake. Nakushauri ukague madirisha ya darasa.

La tisa: Daktari hahitajiki. Daktari akishaingizwa nyumbani kwa ajili ya mtoto, hatoki mpaka awapime na wakubwa.

La kumi na nne: Chawa hakuna.

"Chawa tena?" Mama aliruka. "Nani kasema mwanangu ana chawa?"

"Sikusema anao. Niliuliza tu. Kila nikiamkiwa yeye anajikuna utosini kwa kidole kimoja."

"Mwalimu, mimi na maneno haya wapi na wapi? Mimi hata orodha ya vitu vya sokoni naandika kwa taabu!"

Mwalimu hakubishana. Alimkabidhi kalamu. "Andika: ujumbe wako umepokelewa."

Mama akaandika, ulimi nje. Wakatazama. Herufi za Mama zilikuwa zimelala chali, nyingine zimeanguka kabisa nje ya mstari. Zile za daftarini zilisimama wima, ndogo, sawasawa, kila moja na nafasi yake. Hata kipofu angeona ni mikono miwili tofauti.

"Basi baba yake," Mwalimu alisema.

"Baba yake yuko safarini na lori, mwezi wa tatu huu. Hajui hata daftari lina rangi gani."

Mama alifunua ukurasa wa mwisho. Barua ya jana ilikuwa pale, kwa wino mwekundu wa Mwalimu: Mzazi, kesho saa sita fomu inapigwa muhuri. Usipokuja, mtoto anarudishwa. Chini yake hapakuwa na jibu. Palikuwa na doa la kuungua, duara la kahawia, na pembeni yake kidonge kidogo kinachong'aa kimeganda kwenye karatasi.

"Hili nilidhani ni la sigara," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini.

"Nani avute sigara nyumbani kwangu nimwache mzima?" Mama alikikwaruza kile kidonge kwa ukucha. Akakisogeza machoni. Mara akakitambua.

Lilikuwa tone la risasi. Ile risasi wanayoiyeyusha mafundi wa redio kuunganishia nyaya.

Alirudi haraka ukurasa wa kwanza. Umepokelewa. Unashughulikiwa. Subiri.

"Mungu wangu! Maneno haya yako kwenye redio yangu."

"Redio yako inaandika?"

"Redio yangu iko kwa fundi, mwaka wa pili sasa. Imefungwa kikadi: imepokelewa, inashughulikiwa, subiri. Kila redio mle ndani ina kikadi hicho." Mama alifunga daftari, pah! "Na fundi mwenyewe ndiye aliyenizaa, na Kengele akitoka shule anashinda kwake!"

Hee! Umeona mambo? Wiki nzima wewe ulikuwa unamshuku baba wa lori.

Ilikuwa saa tano na robo. Mwalimu alilikabidhi darasa kwa mwenzake wa chumba cha pili, akaenda kumchukua Kengele kwa mkono, maana kumwita ilikuwa kazi bure. Mtoto alikuwa amekaa kimya anapanga vibao vya rangi. Kwenye mgongo wa kiti chake kilining'inia kipande cha boksi chenye uzi, kimechorwa saa: mshale mrefu juu kwenye kumi na mbili, mfupi kwenye moja.

"Hicho anakitundika kila asubuhi," Mwalimu alieleza, na hapo alijisikia fahari kidogo. "Kila siku saa ileile. Nimeshampa nyota ishirini."

"Anapenda saa," Mama alisema bila kutazama. "Twende kwa baba yangu nikamuue."

Kengele alikivua kile kipande cha boksi kitini, akakitia mfukoni, akawafuata.

Karakana ya babu iko mitaa miwili tu kutoka shuleni, imebanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Kinyozi alikuwa mlangoni kwake na mashine mkononi, na mteja kitini amenyolewa nusu kichwa. Kinyozi huyu naye ana mtoto chekechea. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni utalisikia kwa mtu usiyemjua.

"Jamani, Mwalimu, Mama Kengele, kulikoni?"

"Hakuna kitu," walisema wote wawili pamoja.

"Basi kipo," kinyozi akasema, akarudi ndani kumaliza kichwa upesi.

Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa. Kwenye msumari palining'inia kipande cha boksi kilichochorwa saa. Mshale mrefu juu. Mfupi kwenye moja.

Mwalimu alisimama ghafla. "Hii ni nini?"

"Saa ya kufungua. Hafungui kabla ya saa saba. Zamani alikuwa anafungua alfajiri, mwaka huu kawa mvivu." Mama alikuwa ameshaanza kugonga. "Hodi! Baba! Fungua!"

Kimya. Ila ndani mtu alikuwa anapiga mluzi, tena kwa raha zake.

"Baba!" Sasa Mama aligonga kwa ngumi mbili. Mluzi uliendelea. "Unamsikia? Yumo! Ananipuuza. Mwaka mzima ananipuuza, tangu nilipoigawa baiskeli yake!"

Kengele alishusha pumzi kama mtu mzima aliyechoshwa na watu. Akajipenyeza katikati yao, akachuchumaa. Chini ya mlango ulitokeza uzi mwembamba, ncha yake imefungwa kifungo cha shati. Akauvuta mara mbili.

Mluzi ukakatika. Komeo likalia.

"Bosi wangu, mbona leo mapema..." Mzee alifungua mlango akicheka, miwani juu ya kipaji, uzi umefungwa kwenye kifundo cha mguu. Akaona aproni. Akaona na kile kilichokuwa mkononi mwa aproni, daftari la kijani. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Shikamoo, mzee," Mwalimu alisema.

Mzee hakumtazama Mwalimu. Alimtazama Kengele. Kengele akajikuna utosini kwa kidole kimoja.

"Marahaba, marahaba, Mwalimu wangu!" Mzee akasema upesi. "Karibuni, karibuni."

Mwalimu akahisi masikio yake mwenyewe yanapata moto. Kumbe kujikuna kule ndiko kuamkia! Chawa, aliandika. Aliandika chawa!

Mama yeye hakuona kitu, hasira zilikuwa zimemjaa. Aliingia ndani moja kwa moja hadi kwenye rafu ambako redio yake ilikaa na kikadi chake shingoni, akaanza kufoka akiwa ameikabili rafu. "Wiki sita, Baba! Wiki sita unajiita mimi! Mwanangu anaitwa mkaidi, na wewe unaandika 'nakushauri ukague madirisha'! Huna haya?"

Mzee alikuwa anafuta bisibisi kwa kitambaa, uso umetulia kabisa.

Kengele alijaza mashavu pumzi yakavimba.

"Mwanangu, usikasirike," Mzee akasema papo hapo.

Mama aligeuka. Kuna kitu hakikukaa sawa, naye alikisikia, ila hakujua ni kipi. Mwalimu alijua. Alisogea nyuma ya Mzee, akachukua mkebe mkubwa uliojaa skrubu, akauinua hadi usawa wa kichwa, akauachia.

Kishindo chake! Mama alipiga yowe. Kengele aliruka juu. Jirani wa viatu alipiga kelele kutoka upande wa pili, "Mmeumia?"

Mzee aliendelea kufuta bisibisi.

Kisha Mwalimu akafanya la pili. Alikwenda nyuma ya mtoto, mbali, hadi mlangoni, akasema kwa pumzi tu, "Kengele."

"Abee, Mwalimu."

Wiki sita hakuwahi kuitikiwa. Mwalimu alitaka kumkumbatia yule mtoto na kumfinya, vyote kwa pamoja.

"Unasikia!"

"Nasikia."

"Na shuleni?"

"Shuleni nimefunga." Kengele alisema hivyo kama jambo lililo wazi kwa kila mtu, akatoa mfukoni kile kipande chake cha boksi. "Si nimekutundikia saa? Nafungua saa saba. Huku nasikia mimi peke yangu. Mtu akija nasikia, redio ikikoroma nasikia, mteja akisema upande wa kushoto hauimbi nasikia. Nikisikia na asubuhi yote, mchana nachoka, halafu Babu ataharibu redio za watu."

"Na mimi nikakupa nyota," Mwalimu alisema polepole.

"Nilijua umekubali."

Msomaji, mimi mwenyewe nilipofika hapo niliweka kalamu chini kwanza. Barua ishirini na nane, pamoja na ya jana, zimeandikwa na mwalimu aliyesomea kazi yake, na barua pekee iliyosema kweli ilikuwa ile ya boksi, tena ilitundikwa kila siku.

Mama alikuwa amekaa juu ya kasha la nyaya. Hasira zilimtoka zote. Alimvuta baba yake mkono mpaka wakatazamana uso kwa uso, akasema taratibu, akiumba kila neno kwa midomo. "Tangu lini, Baba?"

Mzee alimtazama midomo, kisha macho. "La kushoto lilitangulia. La kulia likafuata mwaka jana."

"Na mimi nikadhani umeninunia! Ile baiskeli, Baba. Nikawa napita hapa nakusalimia mgongo, hugeuki, narudi nyumbani nalia."

"Baiskeli gani?" Mzee alishangaa. "Wewe uliigawa baiskeli yangu?"

Hapo hata Mwalimu alicheka, na Mama alicheka huku machozi yanachora mistari kwenye unga.

"Barua ya kwanza ya Mwalimu," Mzee alisema, sasa kajiinamia, "iliuliza kama nyumbani kuna mtu asiyesikia vizuri. Nikaogopa. Nani atamletea redio fundi asiyesikia? Nikasema nitajibu hiyo moja tu. Kesho yake ikaja nyingine. Nyingine tena. Ukishakuwa Mama, binti yangu, kuacha si rahisi."

Mama alimwinua kidevu. "Na ya jana? Uliisoma?"

"Niliisoma. Nilikuwa na chuma cha kulehemia mkono huu na kalamu mkono huu, nikakosa la kuandika. Nikashtuka karatasi inatoa moshi." Machozi yalimlengalenga. "Sikujua watamrudisha nyuma mtoto. Wallahi sikujua."

Mwalimu alitazama saa ya ukutani, ya kweli hii. Maneno ya familia hayana haraka, lakini Bi Mihuri anayo. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na tano.

Walikwenda mbio! Mwalimu mbele, Mama na aproni yake, Mzee nyuma na miwani bado juu ya kipaji, Kengele kamshika mkono. Kwenye benchi la nje ya ofisi walikuwako wazazi wanne wakisubiri fomu zao, na mmoja wao, akihema, alikuwa kinyozi. Watatu kati ya hao wanne walikuwa wateja wa karakana. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, maana Bi Mihuri hupenda watu waone akipiga muhuri.

"Mzazi," Bi Mihuri alisema bila kuinua macho, "hatimaye nakuona kwa sura. Kwa saini nakujua sana."

"Bibi Mkuu, zile saini si zangu. Mtoto wangu anasikia."

"Daftari hilo lina majibu ishirini na saba yenye jina lako. Leo, zimebaki dakika nane, unaniambia si yako?" Alivuta droo, akatoa kengele ya mkono, ile ya shaba ya kuitia watoto wakati wa mapumziko. "Mimi sina ubishi. Anasikia? Tuone."

Alizunguka nyuma ya mtoto akaipiga. Kinyozi aliziba masikio. Bi Mihuri akaipiga tena na tena.

Kengele alikuwa anatazama dari.

"Mwanangu, itika!" Mama alimsihi. "Mwambie Bibi Mkuu unasikia!"

Mtoto hakutingisha hata ukope. Taratibu akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande chake cha boksi, akakitundika kwenye kifungo cha sare. Mshale mrefu juu. Mfupi kwenye moja.

Mwalimu alijishika kichwa. Haijafika saa saba! Na pale ofisini, mbele ya watu wote wale, mtoto alikuwa analinda siri ya babu yake. Akiitika ataulizwa kwa nini alifunga; na alifundishwa asimwambie mteja yeyote, naye hamwambii, hata akirudishwa kwa wavuliwa soksi.

"Nadhani tumeona," Bi Mihuri alisema. Akarudi kitini, akachukua ARUDIE, akauhemea ili wino ulainike.

Mzee hakuwa amesikia hata neno moja. Lakini muhuri aliuona, na uso wa binti yake aliuona. Aligeuka akatazama benchi. Akamwona kinyozi, akawaona wateja wake, mmoja baada ya mwingine, watu waliomwamini miaka na miaka. Alijua kabisa nini kitatokea jioni kwenye kile kiti cha kunyolea.

Alipiga magoti mbele ya mjukuu wake.

"Bosi wangu," alisema, na kwa kuwa hasikii sauti yake mwenyewe, alisema kwa sauti iliyofika hadi getini. "Ile kazi tumeifunga. Mimi sisikii. Babu yako ni kiziwi, la kushoto na la kulia. Nimeshasema mwenyewe, watu wote wamesikia, hakuna siri tena. Hayo masikio ni yako, yafungue." Akakivua kile kipande cha boksi kifungoni mwa sare, akakikunja mara mbili.

Kengele alimsogezea uso. "Hata asubuhi?"

Mzee alimsoma midomo. "Hata asubuhi."

Basi Kengele akamgeukia Bi Mihuri. "Umeipiga mara tisa. Ya saba umeikosea, imegonga kidole chako. Na meza yako ukiiegemea inalia kwii."

Benchi zima likaangua kicheko. Bi Mihuri aliacha kuegemea meza.

"Mzee!" kinyozi aliita, akasahau anamwita nani. "Mimi nimekuletea redio tatu!"

"Na zote zinaimba," Kengele akamjibu. "Ya kijivu nilisikiliza mimi."

Kinyozi alifikiri kidogo. "Kweli. Ile ya kijivu inaimba kuliko siku iliponunuliwa." Wale wateja wengine walitazamana, wakatikisa vichwa kukubali.

Lakini Bi Mihuri hashindwi kwa kicheko. Aliinyoosha fomu. "Mimi nafuata daftari. Daftari linasema kuna tatizo la mtoto, na mzazi anasema linashughulikiwa. Hilo ndilo lililoandikwa."

"Daftari?" Mwalimu alisema. Akalichukua mkononi mwa Mama, akainama mezani pale pale, akaandika kwa wino wake mwekundu: Mtoto anasikia vizuri kuliko sisi wote. Mimi ndiye sikumsikiliza. Anastahili kupanda. Akalisukuma kwa Mama.

Mama alifuta mkono kwenye aproni, akashika kalamu, ulimi nje. Herufi zililala chali, zikaanguka nje ya mstari, lakini zilisomeka: Nimesoma. Nakubali. Wako, Mama, safari hii mwenyewe.

Saa ya ukutani ilikuwa inagusa saa sita.

Bi Mihuri alitazama daftari. Alilitazama na bango lake mwenyewe pale ukutani. Kisha, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino, akaweka chini ARUDIE, akachukua APANDE, akaugonga.

Mama aliinyakua fomu wino ukiwa mbichi, akaibusu, akaondoka na nusu ya herufi P mdomoni. Akamkumbatia baba yake, akamsemea kifuani, kisha akakumbuka, akajiondoa, akamwambia usoni: "Kesho naomba ruhusa kazini. Nakupeleka kupimwa. Na baiskeli nitakununulia nyingine."

Wote walikuwa wanaelekea mlangoni. Ningependa kukuambia kwamba hadithi iliishia hapo na kila mtu akaenda kula.

"Mwalimu," Kengele alisema. "Kwa kuwa nimefungua, naweza kuuliza kitu?"

"Uliza, mwanangu. Uliza hata kumi."

"Ni kimoja. Nilikisikia Jumatano nikiwa kwenye kile kigoda."

"Si ulikuwa umefunga?"

"Kufunga si kuziba. Hata karakana ikifungwa Babu yumo ndani." Alinyoosha kidole kwenye simu ya mezani. "Bi Mihuri alikuwa anaongea na mtu. Akasema hapa kuna mtoto lakini hasikii, tuendelee tu. Ndiyo nataka kuuliza. Kwa nini muhula ujao wewe hutakuwepo? Na kwa nini darasa letu limeshapewa mtoto wa dada yake Bi Mihuri alifundishe?"

APANDE ulimponyoka Bi Mihuri, ukabiringika juu ya meza, ukaanguka sakafuni. Hakuna aliyeuokota. Kwenye benchi kinyozi alikuwa amesimama wima, mdomo wazi. Mwalimu alirudi hatua moja ndani ya ofisi, akaufunga mlango nyuma yake, akabaki anamtazama Bi Mihuri usoni.

Mzee peke yake ndiye aliyekuwa bado anatabasamu. Alimtazama huyu, akamtazama yule, kisha akamwinamia mjukuu wake.

"Mbona wamenyamaza?" aliuliza kwa ile sauti yake ya kufika getini. "Umewaambia nini?"